Manowari Iliokoa Nani?

Nyaishozi haina bandari wala gati. Iko juu ya vilima vya Karagwe, na maji makubwa ya jirani ni Mto Kagera, unaoizunguka Kyerwa na kuitenga na Rwanda na Uganda. Hata hivyo, mtu wa huku aliyewahi kuuguza anaijua njia ya maji. Mgonjwa akiishinda zahanati hupelekwa hospitali ya Nyakahanga. Nyakahanga wakishindwa, huenda Bukoba, na Bukoba wakishindwa, Bugando, Mwanza. Kwa miaka mingi kipande hicho cha mwisho kilikuwa cha MV Victoria: unampandisha mgonjwa Bukoba jioni, unamlaza kati ya mizigo na mikungu ya ndizi, mnaamkia Mwanza. Kwa wengi wa kizazi chetu, meli ilikuwa sehemu ya hospitali.

Vitani pia ilikuwa hivyo, ila kwa masharti. Manowari iliyotia nanga Unguja, ikanasa Rufiji au ikapiga mizinga Bukoba kwa kawaida ilibeba daktari wake, kisu chake na sanduku lake la dawa. Vitabu vya historia ya tiba vinawasifu madaktari hao, na mara nyingi wanastahili. Lakini tutazame pia ng'ambo ya kingo za sitaha. Hoja yangu ni kwamba tiba ya manowari katika maji yetu ilikuwa na mpaka, na mpaka huo haukuwekwa na elimu. Elimu ilikuwepo. Uliwekwa na orodha ya majina: aliyeandikwa kuwa baharia alitibiwa, na asiyeandikwa alingoja.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe, maana upasuaji wa melini si upasuaji wa nchi kavu uliohamishwa. Vitani bara, majeruhi hubebwa kurudi nyuma, mbali na risasi. Meli haina nyuma. Hospitali ni shabaha sawasawa na mzinga. Ndiyo maana enzi za matanga mpasuaji aliwekwa chini kabisa, chini ya usawa wa maji, mahali pasipo dirisha, akifanya kazi kwa mwanga wa taa huku sakafu ikiinama. Julai 1797, baada ya shambulio la Tenerife, Admirali Nelson wa Uingereza alikatwa mkono wa kulia ndani ya HMS Theseus akiwa macho, kwa kuwa nusukaputi ilikuja kutumika hadharani mwaka 1846. Inasimuliwa kwamba kilichomkera zaidi ni ubaridi wa kisu, akaagiza tangu hapo vifaa vya upasuaji vipashwe moto kabla ya mapigano.

Zilipokuja meli za chuma na mvuke, majeraha yalibadilika. Vibanzi vya mbao vilivyokuwa vikichoma watu kama mikuki vilipungua, na badala yake mabomba ya mvuke yakapasuka na kuwababua watu ngozi. Milango ya chuma ilifungwa vita vilipoanza ili maji yasisambae, kwa hiyo majeruhi wa chumba cha mashine hakuweza kufikishwa kwa daktari hadi mizinga inyamaze. Ngazi zilikuwa nyembamba mno kwa machela ya kawaida. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari wa jeshi la majini la Uingereza, Neil Robertson, akaiga mbinu ya Wajapani na kutengeneza machela ya turubai na fito inayomviringisha mgonjwa kama mkeka uliokunjwa, ili apitishwe wima kwenye tundu la ngazi. Machela hiyo bado inatumika melini na hata migodini.

Lakini kisu hakikuwa ndicho kilichookoa mabaharia wengi. Kilichowaokoa ni chakula, maji na kidonge. Mwaka 1747, ndani ya HMS Salisbury, daktari wa majini wa Uingereza James Lind aliwagawa wagonjwa wa kiseyeye wawili wawili na kuwapa tiba tofauti. Waliopewa machungwa na malimau walipona haraka kuliko wote. Ilichukua karibu miaka 50, hadi 1795, kwa jeshi lake kuagiza maji ya limau yagawiwe rasmi. Japani ilikwenda kasi zaidi. Mwaka 1883 manowari Ryujo ilirudi kutoka safari ndefu ikiwa na wagonjwa 169 wa beriberi kati ya watu 376, na 25 walikuwa wamekufa. Daktari Takaki Kanehiro alishuku wali mweupe uliokuwa karibu ndicho chakula pekee. Mwaka uliofuata meli Tsukuba ikatumwa kwenye njia ile ile ikiwa na nyama, maziwa na nafaka nyingine, na beriberi haikuua hata mtu mmoja. Huku Afrika, jaribio kubwa lilikuwa la kwinini. Msafara wa Waingereza wa mwaka 1841 kwenye Mto Niger uliangamizwa na homa. Mwaka 1854 stima Pleiad, ikiongozwa na daktari wa majini William Balfour Baikie, ilipanda mto huo huo watu wake wakinywa kwinini kila siku, na hakuna aliyekufa kwa homa.

Msomaji aikumbuke miaka hiyo: 1795, 1854, 1884. Kufikia vita ya 1914 hakuna jeshi la majini ambalo lingeweza kudai kwamba halikujua kuwa chakula kibovu kinaua au kwamba kwinini inakinga. Nitairudia hoja hii tukifika ziwani.

Pwani ya Waswahili ilionja tiba ya manowari mapema, kwa sababu ya doria za kuzuia biashara ya watumwa. Ipo picha iliyopigwa mwaka 1868 kwenye sitaha ya HMS Daphne: watu waliotolewa majahazini, wengi wao vijana na watoto, mbavu zikihesabika, wamekaa wamebanana mbele ya mabaharia. Meli hiyo yenye vitanda vichache vya wagonjwa ilijikuta na wodi nzima ya watu wenye njaa. Hapa sina budi kutenda haki: wapo waliokuwa wakifa jahazini wakapata uji, maji na mkono wa daktari, wakaishi. Lakini walipelekwa wapi? Wengi walishushwa Shelisheli, Aden au Bombay, kulikofaa ratiba ya meli. Kurudishwa kwao Nyasa au Uyao hakukuwa sehemu ya tiba.

Kuanzia 1874 hadi 1883 Waingereza waliiweka Unguja HMS London, meli kuukuu ya mbao ya madaraja mawili, iwe ghala, karakana na hospitali ya doria hizo. Mashua zake zilitumwa kuvizia kwenye vihori vya Pemba, mabaharia wakilala humo humo kwenye mikoko, na mbu wakafanya kazi yao. Siku hizo hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye mwenye lawama. Ronald Ross alikuja kuthibitisha hilo mwaka 1897.

Kisha ikaja vita fupi kuliko zote. Agosti 27, 1896, Waingereza walipiga mizinga jumba la Sultani Unguja kwa dakika zipatazo 40. Upande wa Sultani huyo, Khalid bin Barghash, watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa manowari alijeruhiwa baharia mmoja, wa HMS Thrush, naye akapona. Kulikuwa na manowari tano bandarini, zote zikiwa na utaratibu wa tiba na sanduku la dawa, na mgonjwa wao alikuwa mmoja. Majeruhi mamia walikuwa hatua chache kutoka ufukweni, chini ya vifusi vya mbao na mawe. Ukitaka kuuona mpaka ninaousema, simama Forodhani uangalie umbali uliopo kati ya Beit al-Ajaib, jirani ya jumba lile, na maji.

Miaka 18 baadaye zamu ilibadilika. Septemba 20, 1914, HMS Pegasus ilikuwa Unguja, mashine zikirekebishwa, haiwezi kukimbia. Alfajiri, kiasi cha saa kumi na moja, Königsberg ya Wajerumani ikatokea na kuanza kupiga kutoka umbali ambao mizinga ya Pegasus haikuufikia. Ndani ya muda usiozidi nusu saa watu 31 walikuwa wamekufa na 55 wamejeruhiwa. Baadaye idadi ya waliokufa ilifika 38. Hili ni tatizo la hesabu kabla halijawa la upasuaji. Manowari ya aina ile ilibeba watu wasiozidi mia tatu, na chumba chake cha wagonjwa kilijengwa kwa homa, majipu na vidole vilivyobanwa na minyororo. Majeruhi 55 kwa mpigo, wengi wakiwa wamepasuliwa na vipande vya chuma kwenye sitaha ya wazi, wangezidi uwezo wa daktari yeyote hata meli isingekuwa inazama. Kilichowaokoa ni kwamba meli ilipigwa bandarini. Mji ulikuwa mita chache, una hospitali, una mashua na una watu wa kupiga makasia. Wengi wa waliokufa wamezikwa Chapwani, kisiwa kidogo mbele ya Mji Mkongwe, ambako watalii huenda kuogelea na makaburi yapo mpaka leo.

Miezi miwili baadaye Dar es Salaam ilizua kesi ambayo wanasheria wa vita wangefaa kuifundisha hadi leo. Mikataba ya The Hague ya 1899 na 1907 ilikuwa imeweka utaratibu wa meli za hospitali: zipakwe rangi nyeupe, zibebe alama ya msalaba mwekundu, majina yake yatangazwe kwa adui, zisitumike kwa kazi ya vita, nazo zisishambuliwe. Meli ya abiria Tabora, ya shirika la Deutsche Ost-Afrika Linie, ilikuwa imetia nanga bandarini ikiwa na alama hizo. Novemba 28, 1914, Waingereza wa HMS Fox na HMS Goliath waliingiza mashua bandarini ili kuziharibu mashine za meli za Kijerumani zisije zikatoka baharini, na wakataka kuhakikisha kama Tabora kweli ni hospitali. Daktari wa majini, E. C. Holtom, alikwenda kukagua. Risasi zikaanza kutoka ufukweni. Kamanda Henry Peel Ritchie, aliyeongoza mashua hizo, alipigwa mara nane ndani ya dakika zipatazo 25 kabla hajapoteza fahamu. Alipona, akapewa nishani ya Msalaba wa Victoria. Holtom akabaki mikononi mwa Wajerumani, na baadaye akaandika kitabu kuhusu miaka yake miwili ya kifungo. Inawezekana kifungo kile ndicho kilichomwokoa, kwani Goliath ilizamishwa Dardanelles Mei 1915, ikaondoka na watu wapatao 570.

Nani alikuwa na haki kuhusu Tabora? Kila upande ulikuwa na maelezo yake, na Machi 1916 Waingereza wakaizamisha kwa mizinga. Haikuwa meli ya kwanza kuangukia kwenye shaka ya namna hiyo. Orel, meli ya hospitali ya Warusi iliyofuatana na kundi lao la manowari hadi Nosy Be huko Madagaska mwanzoni mwa 1905, ilikamatwa na Wajapani wakati wa vita ya Tsushima kwa tuhuma kwamba ilifanya kazi zisizo za tiba. Nionavyo, ubovu ulikuwa kwenye mfumo wenyewe: rangi nyeupe hulindwa na uaminifu wa adui, na vitani uaminifu ndiyo bidhaa inayoadimika kwanza.

Rufiji ilikuwa kesi nyingine, kwa kuwa huko meli iliugua. Baada ya kuipiga Pegasus, Königsberg ilijificha kwenye delta, katikati ya mikoko, na kukaa humo hadi Julai 11, 1915, ilipomalizwa na Severn na Mersey, meli mbili fupi za kina kidogo zilizoletwa mahsusi. Kwa miezi yote hiyo baharia aliyezoea upepo wa bahari kuu alikuwa anaishi ndani ya chuma kilichoiva kwa jua, kwenye maji yaliyotuama, na malaria na kuhara vikawapunguza kabla ya mizinga. Kepteni Max Looff mwenyewe alijeruhiwa siku ya mwisho. Waliopona walishuka na mizinga yao kumi, wakavuta chuma hicho hadi Dar es Salaam na kuingia katika jeshi la Wajerumani la nchi kavu chini ya Lettow-Vorbeck.

Tangu hapo tatizo la Wajerumani likawa dawa. Waingereza waliziba pwani. Wataalamu wa taasisi ya Amani, kule Usambara, iliyoanzishwa mwaka 1902, wakageukia magome ya misinkona yao wenyewe wakatengeneza kwinini. Ilipokosekana ya vidonge, askari walinyweshwa mchemsho mchungu wa magome ambao Wazungu waliubatiza kwa utani pombe ya Lettow. Machi 1916 meli Marie ilipenya doria na kufika Sudi, kusini ya Lindi, ikiwa na silaha pamoja na dawa.

Jaribio la mwisho lilikuwa la ajabu, na lina mguu mmoja Kagera. Novemba 1917 jeshi la majini la Ujerumani lilirusha puto kubwa la injini, L59, kutoka Jamboli huko Bulgaria, likiwa na shehena ya tani zipatazo 15 za risasi, bendeji na dawa kwa ajili ya Lettow-Vorbeck. Lilivuka Misri, likafika magharibi ya Khartoum, ndipo likapata ujumbe wa redio kwamba lirudi. Lilikaa hewani saa 95 likamaliza zaidi ya kilomita 6,700, na bendeji zake zikarudi Bulgaria. Wazo hilo lilitokana na daktari, Max Zupitza. Watu wa Bukoba wa zamani huenda walimjua kwa kazi nyingine: miaka ya 1897 na 1898 alikuwa Kiziba kuchunguza tauni, Robert Koch akathibitisha kwamba ugonjwa ule ulikuwa tauni kweli, na taarifa za wakati huo zinaonyesha kwamba wenyeji tayari walikuwa wanahama nyumba panya wakianza kufa. Miaka 20 baadaye mganga huyo huyo anahangaika kupeleka vifurushi vya bendeji kwa jeshi moja kwa njia ya angani.

Sasa ziwani kwetu. Kabla ya 1914 Ziwa Victoria lilikuwa na stima za biashara za reli ya Uganda. Vita vilipoanza Waingereza wakazifunga mizinga: Winifred, Nyanza, Kavirondo na nyinginezo. Wajerumani walikuwa na Muansa, boti ya kukokotea. Zote hizo zilikuwa manowari kwa jina tu. Nyingi zilikuwa na vyumba vya abiria, sitaha ya mifugo na harufu ya ngozi na pamba.

Juni 1915 kikosi cha watu wapatao 1,500 chini ya Jenerali Stewart kilipakiwa Kisumu kwenye Winifred, Nyanza, Usoga na Rusinga kwenda kuishambulia Bukoba. Miongoni mwao alikuwemo mwindaji maarufu Frederick Selous, mzee wa miaka 63. Walishuka Juni 22 kaskazini ya mji, chini ya majabali, wakapigana siku mbili, wakalipua mlingoti wa redio na kuchoma boma. Mji ukaporwa, jambo ambalo hata wao wenyewe waliliandika kwa aibu. Jioni ya Juni 23 walikuwa wameshapanda meli.

Angalia maana yake kitabibu. Mwanajeshi aliyepigwa risasi Bukoba alibebwa hadi ufukweni, akapandishwa stimani, na kufikia siku ya pili alikuwa anakaribia Kisumu, ambako reli ilimngoja kumpeleka Nairobi. Katika vita nzima ya Afrika Mashariki ni wachache waliokuwa na njia fupi kama hiyo ya kumfikia mpasuaji. Ziwa lilifanya kazi ambayo barabara isingeweza. Mwenzake aliyepigwa risasi ukingoni mwa Kagera, upande wa Kyaka, alibebwa begani.

Aliyembeba ndiye ninayetaka tumtazame. Mpagazi hakuwa baharia wala askari. Alikuwa nyuma kabisa ya orodha. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Waingereza walikufa katika vita ile, na wengi mno waliuawa na kuhara damu, homa na nimonia, wachache kwa risasi. Wapagazi waliotoka nchi za ndizi, hasa Buganda, waliteseka kuliko wengi, kwa sababu walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa haraka kwenye moto wa kuni mbichi, chakula ambacho matumbo yao hayakukijua. Mnyambo au Mhaya yeyote anaelewa: mtu aliyelelewa kwa ndizi na maharage hawezi kuhamishwa kwa siku moja kwenye posho chafu na mzigo wa ratili hamsini. Na hapa ndipo ninarudi kwenye ile miaka. Takaki alikuwa ameonyesha tangu 1884 kwamba ukibadilisha chakula cha wafanyakazi wako unabadilisha idadi ya makaburi. Majeshi ya majini yalilijua hilo, yakalitumia kwa watu wao. Mpagazi alikuja kupata ugali ulioiva na hospitali zake baada ya vifo kuwa vingi hata kuathiri usafirishaji wa mizigo. Sitaki kuita hilo ujinga, kwa kuwa mjinga ni asiyejua.

Ziwa Tanganyika linathibitisha jambo lile lile kutoka upande wa pili. Waingereza 28 chini ya Geoffrey Spicer-Simson walizileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza kupitia Cape Town na misitu ya Kongo hadi ziwani. Desemba 26, 1915 waliiteka boti ya Wajerumani, Kingani, na Februari 9, 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Daktari wao, Hother Hanschell, alikuwa bingwa wa magonjwa ya nchi za joto, amechaguliwa kwa kazi hiyo hasa. Fikiria uwiano: bingwa mmoja kwa watu 28. Mamia ya wenyeji waliofyeka njia na kuvuta boti zile milimani hawakuwa na daktari wao.

Katika Vita ya Pili ya Dunia Waafrika wenyewe waliandikwa, wakapanda meli kama askari. Je, mpaka uliondoka? Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Mombasa kuelekea Colombo, mojawapo ikiwa SS Khedive Ismail yenye watu zaidi ya 1,500. Humo kulikuwa na watu 996 wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliokuwa wanakwenda kupigana Burma, pamoja na wauguzi zaidi ya 50. Februari 12, mchana, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama ndani ya dakika tatu au chini yake, na watu 1,297 wakafa. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake sita.

Dakika tatu hazitoshi hata kufunga bendeji. Tena nyambizi ilikuwa chini ya maji pale pale walipokuwa wanaelea walionusurika, na manowari za ulinzi, Paladin na Petard, zikaamua kuangusha mabomu ya majini. Mlipuko wa chini ya maji hauachi jeraha la nje. Hupasua utumbo na mapafu, na mtu anaweza kuokolewa akiwa anaongea, akafa baadaye kwa damu inayovuja tumboni. Madaktari wa majini waliisoma sana hali hiyo wakati wa vita ile. Lakini ninachokiona mimi ni kwamba katika zama za topido upasuaji umekuwa jambo la baadaye. La mwanzo ni boya, nafasi kwenye mashua, na kulala sitahani au chini kabisa kwenye ngama. Ukitaka kujua nani anathaminiwa melini, usiulize daktari ni nani. Uliza nani amelazwa wapi.

Siku hizi manowari za hospitali huja kwa amani. Peace Ark ya jeshi la majini la China, yenye vitanda 300 na vyumba vinane vya upasuaji, imetia nanga Dar es Salaam mwaka 2010, 2017 na 2024, na foleni za wagonjwa zilionyesha ni watu wangapi wanangoja upasuaji wa kawaida kabisa: mtoto wa jicho, ngiri, uvimbe. Katika Ziwa Victoria, meli ya tiba Jubilee Hope, ya shirika la Vine Trust la Uskoti kwa ushirikiano na kanisa la AICT, imekuwa ikizunguka visiwani. Nazipongeza zote mbili, lakini wiki moja ya Peace Ark haiwezi kuwa mfumo wa afya, na mgonjwa wa Nyaishozi hafiki Dar es Salaam kwa wiki hiyo. Kisiwa kinaweza kungoja meli. Kilima hakiwezi, kwa hiyo kinahitaji gari la wagonjwa lenye mafuta, damu salama Nyakahanga na Isingiro, na daktari wa nusukaputi asiyehamishwa kila mwaka.

Limebaki jambo moja ambalo halihitaji bajeti. Askari wa Khedive Ismail hawana makaburi. Majina yao yamechongwa kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi, na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola imeyaweka kwenye mtandao, ambako kutafuta ni bure. Kama nyumbani kwenu, Karagwe au Kyerwa, kuna babu anayesemwa kwamba alikwenda jeshi la Keya, akapanda meli Mombasa na hakurudi, andikeni jina lake kwa namna zote ambazo karani Mzungu angeweza kulikosea, kisha mlitafute.